Mota Ndani ya Gurudumu: Kazi Iko Wapi?

Ndugu wanafunzi, habari za mchana. Walionialika walitaka niwaeleze namna ya kuwa bilionea wa teknolojia. Hilo silijui, na ningelijua pengine nisingekuwa hapa. Nitazungumza juu ya gurudumu, na juu ya watu waliolifanyia kazi.

Hii iliyo mezani ni mota ya skuta ya umeme, nimeitoa kifuniko. Sogeeni. Koili hizi za shaba zimeshikamana na ekseli, hazizunguki. Kinachozunguka ni duara hili la nje lenye sumaku, nalo ndilo linalobeba tairi. Mwanya uliopo kati yao hata ukucha haupiti. Nyaya tatu nene zinaleta umeme; hizi tano nyembamba ni za vihisi vinavyoiambia kompyuta sumaku zimefika wapi. Hakuna giaboksi, yaani meno ya kubadili kasi kuwa nguvu, wala shafti, yaani fimbo ya kupeleka mzunguko kwenye gurudumu. Ukipunguza mwendo, mota hiyohiyo inageuka jenereta na kurudisha chaji kwenye betri.

Msidhani ni ubunifu wa juzi. Mwaka 1900, kwenye maonyesho ya Paris, kampuni ya Lohner ya Vienna ilionyesha gari lenye mota ndani ya magurudumu ya mbele. Aliyelibuni ni Ferdinand Porsche, kijana wa miaka 24. Mwaka 1971 wanaanga wa Apollo 15 waliendesha mwezini gari ambalo kila gurudumu lilikuwa na mota yake. Basi mbona magari mengi ya umeme leo bado yana mota kwenye bodi, huku nguvu ikipelekwa magurudumuni kwa shafti?

Kinachokwamisha ni uzito. Springi na shokapu hubeba bodi, abiria na betri, lakini gurudumu lenyewe liko chini ya springi. Likiingia shimoni, linapokea kipigo chote. Likiwa zito linachelewa kurudi chini, na tairi lisilogusa lami halishiki breki wala halifuati usukani. Mota nayo inakula kipigo hicho, pamoja na tope, maji na joto la breki. Tena kwa kuwa haina giaboksi ya kuiongezea nguvu ya kuzungusha, inabidi iwe na kipenyo kikubwa, shaba nyingi na sumaku nyingi, na sumaku hizo ni ghali. Mwezini walikwenda mwendo wa baiskeli, haikuwasumbua.

Wapo waliojaribu barabarani. Lordstown Motors ya Ohio, Marekani, ilitengeneza pikapu yenye mota nne magurudumuni. Juni 2023 ikafilisika, ikaomba mahakama iikinge na wadai wake. Lightyear ya Uholanzi iliweka mota nne na paneli za sola juu ya gari la euro 250,000. Januari 2023 ilisimamisha uzalishaji, muda mfupi tu tangu iuanze. Hawa hawakuwa wajinga. Walibeba teknolojia mpya, chapa isiyojulikana na mteja ambaye hajapatikana, vyote kwa mkupuo.

Mtazameni sasa mhandisi Tim Woolmer. Akiwa mwanafunzi wa uzamivu Oxford alishughulika na mota tu, si gari zima; mota bapa kama sahani. Mwaka 2009 alianzisha YASA, kampuni ya mota hizo, na mwaka 2021 Mercedes-Benz ikainunua. Wang Chuanfu, mtaalamu wa kemia, alianzisha kampuni ya BYD ya China mwaka 1995 kwa betri, na magari akayaingia mwaka 2003. Mimi nawaamini zaidi watu wa namna hii: anayekijua kifaa kimoja mpaka ndani hutafutwa na wanaotengeneza gari zima. Anayejua kuzuia maji yasiingie kwenye mota ya gurudumu atapata kazi hata kampuni yake ikifa.

Na mota hii haijashindwa. Baiskeli za umeme zimejaa mota za namna hii. BYD iliweka mota kwenye magurudumu ya nyuma ya basi lake la K9, hivyo katikati hakuna difrensha, ile giaboksi ya kugawa nguvu kwa magurudumu mawili, inayochomoza na sakafu ikashushwa, abiria anaingia bila kupanda ngazi. Basi haliendi mbio, na ni zito kiasi kwamba kilo za mota hazilisumbui. Ningekuwa na umri wenu ningeanzia huko, kwenye mabasi na malori ya taka, ambako hakuna mwandishi wa habari anayekuja kupiga picha. Haya, maswali.