Kumshtaki Mkandarasi Asiyejulikana Alipo

Ndugu Mwenyekiti, wazee wetu na ndugu wananchi wa Buhongwa, baadhi yenu mmekwisha kunisikia nikilisema jambo hili Igoma na Nyegezi, nami sitaomba radhi kwa kulirudia, kwa kuwa haachi kunijia mtu mwenye msingi uliojaa maji ya mvua na namba ya simu isiyopatikana, akidai kwamba hawezi kushtaki kwa sababu mkandarasi ametoweka. Anaweza. Tabu huanza pale unapotaka kumshtaki mtu ambaye hukuwahi kumjua.

Mama mmoja, mchuuzi wa dagaa pale Mwaloni, Kirumba, aliniletea mkataba ulioandikwa vizuri kabisa: mifuko ya saruji, nondo, tripu za mchanga, hata siku ya kupaua. Jina la mkandarasi lilikuwa "Baba Neema". Nikamwuliza, "Mama, Baba Neema yupi?" Akanishangaa: "Si yule mrefu!" Mnacheka, lakini Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai, Sura ya 33, inataka hati ya madai itaje jina na makazi ya mdaiwa kadiri yanavyoweza kufahamika, na dalali wa mahakama hawezi kutumwa akakamate mali za mtu mrefu. Kilichookoa jahazi ni miamala ya simu, kwa kuwa kila alipomtumia fedha, jina la usajili wa laini lilijitokeza kwenye ujumbe, na Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inaruhusu ujumbe wa namna hiyo upokelewe kama ushahidi. Miezi minne mama yule alitembea na jina hilo mkobani huku akilitafuta mji mzima.

Yarudieni maneno hayo, "kadiri yanavyoweza kufahamika". Sheria haikuagizi ujue kama amevukia Ukerewe au amejichimbia Geita. Unafungua shauri hapa ambapo mkataba ulivunjwa, unataja makazi yake ya mwisho unayoyajua, na mpeleka wito akimkosa, unaiomba mahakama iruhusu wito ubandikwe au utangazwe gazetini. Asipofika, shauri husikilizwa upande mmoja, lakini hata hapo ni lazima uthibitishe madai yako. Kwa hiyo piga picha, na umlete mtaalamu apime kazi iliyofanyika kabla fundi mwingine hajagusa tofali hata moja.

Najua yupo anayesema moyoni, "Mlolongo wote huu wa nini? Polisi wamkamate." Kuvunja mkataba peke yake si jinai, ndugu yangu. Kama alikulaghai tangu mwanzo ili ajipatie fedha, katoe taarifa, ila usiliache shauri la madai likilala kwa kungoja akamatwe.

Mwenyekiti ananionyesha saa, nami nimekula muda wote kwa Baba Neema. Kama mdaiwa ni kampuni, ofisi yake iliyosajiliwa itafuteni BRELA, yaani Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni, na usajili wake wa ukandarasi uulizieni kwenye Bodi ya Usajili wa Makandarasi. Kama ameacha mashine ya kuchanganyia zege na mna ushahidi kwamba anataka kuihamisha ili kukwepa hukumu, ombeni ikamatwe mapema. Ukomo wa muda wa kufungua madai ya mkataba ni miaka 6 tangu ulipovunjwa. Maswali nitayapokea pale nje, chini ya mwembe.