Nairobi hadi New York: umbali mmoja, saa mbalimbali

Habari za jioni, ndugu zangu. Leo nimechagua safari moja tu, kutoka uwanja wa Jomo Kenyatta hadi JFK, New York. Kenya Airways ilianza kuifanya bila kutua njiani tarehe 28 Oktoba 2018. Kabla ya hapo msafiri alibadilisha ndege njiani, mara nyingi Ulaya au Ghuba.

Kwa ratiba ya mwanzo, ndege iliondoka saa tano na dakika 25 usiku, ikafika saa kumi na mbili na dakika 25 asubuhi. Ukisoma tiketi utahesabu saa saba. Lakini majira ya baridi New York iko nyuma yetu kwa saa nane. Jumlisha: saa 15.

Nimekuja na tufe na uzi. Binti wa mbele, hebu nisaidie. Ncha moja Nairobi, nyingine New York, kaza. Mnaona? Uzi haukukata Kongo kwenda magharibi, kama ramani ya ukutani inavyotufanya tudhani. Umepanda Uganda, Sudan Kusini, Chad, Niger, Algeria, Morocco, ndipo ukaingia Atlantiki. Hizo ni kilomita 11,800 na ushei. Rubani haufuati uzi huu kikamilifu, maana anga ya penye vita hukwepwa, na kila kukwepa kunakula mafuta.

Sasa, kurudi ni saa 14. Umbali ni ule ule! Huko juu, kilomita kumi hivi, kuna mkondo wa upepo utokao magharibi kwenda mashariki, na wakati wa baridi huweza kupita kilomita 200 kwa saa. Ndege ikienda inapambana nao, ikirudi inasukumwa. Manahodha wa majahazi wangetuelewa upesi: safari ya Muscat na Unguja haikupangwa kwa maili kabla ya kuuliza kama ni kaskazi au kusi.

Lakini linalonivutia zaidi ni kule kuondoka usiku. Uwanja wetu uko mita 1,624 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya hapa ni nyepesi, na joto la mchana huizidishia wepesi, hivyo mabawa hupungukiwa nguvu ya kunyanyua na injini nazo hudhoofika. Na hii ni ndege iliyosheheni mafuta ya saa 15! Barabara ya kurukia ina zaidi ya kilomita nne, hilo ni jema, ila bado joto likizidi huenda ikabidi abiria au mizigo ipunguzwe. JFK iko mita chache tu juu ya bahari, kwa hiyo kuondoka kule mchana si taabu kama hapa. Ratiba hupangwa kwa sababu nyingi, wakiwemo abiria wa kuunganisha safari, lakini ubaridi wa usiku wa Nairobi ni msaada mkubwa kwa rubani. Natamani abiria wanaonung'unikia saa ile waelezwe haya pale pale langoni, kabla hawajapanda.