Akimaliza Anakuwa Nani?

Mhadhara wa kuwakaribisha wanafunzi wa mwaka wa kwanza wa shahada ya Usawa wa Jamii na Masomo ya Miji, Dar es Salaam

Habari za asubuhi. Mliosimama kule nyuma, viti vipo huku mbele, having'ati.

Siku ya usajili mzazi mmoja alinivuta pembeni. "Mwalimu," akasema, "mtoto wa dada yangu anasoma uhandisi, atakuwa mhandisi. Huyu wangu mnamfundisha historia kidogo, sheria kidogo, uchumi kidogo, afya kidogo. Akimaliza anakuwa nani?" Nikampa jibu la kwenye kipeperushi. Alinishukuru kwa adabu, nikaona kabisa kwamba halikumwingia. Leo nataka nimjibu vizuri, na nitamjibu kwa choo.

Chekeni tu. Wangapi humu mmekulia nyumba ya kupanga, vyumba sita, choo kimoja uani? Nyoosheni mikono. Haya. Ninyi mnajua kwamba masika yakishika, kuna usiku ambao mwenye nyumba halali. Anasubiri mvua ikolee, anatoka na sururu, anatoboa shimo la choo upande wa mtaro, na vyote vilivyojaa mle vinakwenda na maji. Dar es Salaam tuna neno lake: kutapisha. Asubuhi watoto wanaruka mtaro huohuo wakienda shule. Agosti 2015 kipindupindu kilizuka Kinondoni na kikasambaa nchini, na wala haikuwa mara ya kwanza.

Sasa mlete mhandisi. Atakwambia bonde la mto Msimbazi, hapa hapa mjini, maji ya ardhini yako karibu, shimo haliendi chini, linajaa upesi. Liitwe gari la majitaka. Yuko sahihi. Ila kichochoro chenyewe ni kile ambacho jeneza hupitishwa kwa kuinamishwa. Gari litasimama barabarani na mpira wake hautafika. Ndipo wanapoitwa vyura. Msiojua, vyura ni vijana wanaoshuka shimoni na ndoo, wanachota kwa mikono, wanafukia palepale uani.

Mlete mchumi. Atauliza nani analipa. Mpangaji anasema choo si chake. Mwenye nyumba kodi ya miezi sita alishaila, na huenda anaishi mtaa mwingine kabisa, harufu haimfikii. Gari linatoza kwa tripu, mvua haitozi kitu. Kwa hesabu zake yule bwana wa sururu si mjinga hata kidogo, na mkienda kumhubiria usafi atawaitikia vizuri sana kisha atasubiri mvua.

Mwanasheria tumpitie haraka: kiwanja hakijapimwa, kuna leseni ya makazi ya muda mfupi, na mtu hawekezi kwenye bomba la miaka thelathini juu ya karatasi ya miaka michache.

Hapa kwa mwanahistoria nataka tukae, kwa sababu ndiye wengi mnaodhani hana kazi mtaani. Kwa nini kichochoro ni chembamba? Wajerumani walianza kuugawa mji huu, na miaka ya 1920 Waingereza wakakamilisha: eneo la kwanza, la pili, la tatu. Wenyeji wakayaita Uzunguni, Uhindini, Uswahilini. Kati ya Kariakoo na mjini pakaachwa uwazi, ambao leo tunauita Mnazi Mmoja na tunapumzika pale bila kujiuliza. Lakini soma kanuni zenyewe. Hazikutaja rangi ya mtu. Zilitaja aina ya nyumba: hapa nyumba za namna ya Ulaya, kule za makuti na udongo ruksa. Basi mtu ukimnyima mshahara wa kujenga nyumba ya namna ya kwanza, umeshamhamisha bila kumgusa. Ndiyo maana kwenye kozi hii mkisoma kanuni ya leo inayosema "nyumba za hadhi", sitawauliza imesema nini. Nitawauliza imemtoa nani.

Na msiniambie haiwezekani vinginevyo. Miaka ya 1970 serikali, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, ilipima viwanja Sinza na kuweka barabara na maji, watu wakajenga wenyewe kadiri ya mifuko yao. Leo Sinza gari la majitaka linaingia.

Palipokwisha kujengwa je? Twende Karachi, Pakistan, mtaa wa Orangi. Mwaka 1980 alifika pale Akhtar Hameed Khan, ambaye kazi yake ilikuwa ushirika wa wakulima, wala si mabomba. Alizunguka vichochoroni akiuliza. Watu wakamwambia majitaka. Akawaambia kila kichochoro, nyumba kama ishirini hadi arobaini, kichague mtu wake, kichange, kilaze bomba lake. Bomba kubwa la nje liwe la serikali. Mafundi wakarahisisha michoro ya chemba ili mtu wa kawaida aweze kujenga, wakandarasi wakatolewa, gharama ikashuka sana. Mhandisi peke yake angepeleka bei ya mkandarasi, na mwanaharakati peke yake angelaza bomba linalopanda mlima.

Baadaye kazi ile iliongozwa na Perween Rahman, msanifu majengo, aliyetumia miaka mingi kuchora ramani za vichochoro, mifereji, na ardhi iliyokuwa ikimegwa na wanyang'anyi. Machi 2013 alipigwa risasi akafa. Nawatajia ili msije mkadhani ramani ni kazi ya kupaka rangi.

Wanafunzi wa mji huu nao walishachora. Mwaka 2015, kwenye Ramani Huria, mradi wa kuchora ramani za mji pamoja na wakazi wake, walizunguka kata zinazofurika, wakachora mitaro na nyumba pamoja na wenyeji, kwa sababu mwenyeji ndiye anayejua maji ya mwaka jana yalifika dirishani au yaliishia barazani.

Mzazi yule nimemwalika, sijui kama amefika. Kama yupo: mwanao atakuwa mtu wa kukaa kwenye kile kikao ambacho mhandisi, bwana afya na mwenyekiti wa serikali ya mtaa kila mmoja ana haki na hakuna anayemsikia mwenzake, awe anaelewa lugha zao zote tatu. Ajira zake zipo halmashauri, mamlaka za maji, mashirika. Si nyingi kama ningependa, huo ndio ukweli.

Jumamosi tunakwenda Vingunguti. Basi linaondoka saa moja asubuhi, na mvua imetabiriwa, kwa hiyo njooni na gambuti. Kila mmoja atafute nyumba moja, aombe ruhusa, ahesabu wanaotumia choo, kisha apime kwa futikamba kutoka shimoni hadi mahali gari linapoweza kusimama.