Geuza Kiti Kabla ya Kulipa: Jinsi ya Kununua Samani za Nje

Habari zenu watazamaji, karibuni sana. Leo tunanunua meza na viti vya barazani, na mfano wetu ni nyumba ya Dar es Salaam. Hapa jua ni kali, masika yanapiga kuanzia Machi hadi Mei, na upepo wa bahari unakuja na chumvi. Hivyo vitatu ndivyo vinavyomaliza samani za nje, kwa hiyo tutavikumbuka kila tunapokagua kitu.

Kwanza tunaanzia nyumbani. Chukua futi kamba, pima baraza lako urefu na upana. Kila atakayekaa mezani mhesabie sentimita 60 za meza, na nyuma ya kiti acha kama sentimita 90 ili mtu asimame bila kugonga ukuta. Sasa chukua chaki, chora meza sakafuni hivi, halafu izunguke. Fungua na mlango wa jikoni kabisa, uone kama unapita. Tazama pia mvua ya upepo inafika wapi, maana hata baraza lenye paa hulowa.

Pili, chagua malighafi. Kwa mbao, mimi napendelea mtiki, mvule au mkongo. Mtiki wetu mwingi unatoka mashamba ya Longuza kule Muheza, na Mtibwa, Morogoro. Una mafuta yake ya asili yanayousaidia kustahimili maji. Usipoupaka chochote utageuka kijivu, lakini hiyo ni rangi tu, mbao haijaoza. Paini ni nafuu, ila kwa kukaa nje lazima iwe imetiwa dawa, la sivyo mchwa hawaiachi.

Chuma ni imara, lakini ukikaa jirani na bahari utapambana na kutu kila mwaka. Alumini haina kutu ya namna hiyo. Muuzaji akikwambia "hii alumini", toa sumaku ndogo, hata ya spika iliyokufa. Tazameni: hapa inadondoka, sawa. Hapa imenasa, basi hicho ni chuma kilichopakwa rangi ya fedha.

Haya, tumefika Keko, hapa hapa Dar es Salaam, kwa mafundi wa samani. Hatua hii ndiyo kubwa kuliko zote, tusiifanyie haraka. Usitazame vanishi inavyong'aa. Mwambie fundi kwa heshima, "Fundi, naomba nikigeuze nikione chini." Fundi anayeiamini kazi yake atakushikia mwenyewe.

Nasogeza kamera. Mnaona mguu huu? Upande mmoja ni kahawia, hicho ni kiini cha mti. Upande huu ni mweupe, ni mbao ya pembeni karibu na gome, na wadudu huanzia hapo. Mguu wenye weupe mwingi, mwombe fundi aubadilishe. Sasa tazama maungio. Hapa ulimi wa mbao umeingia ndani ya tundu, umebana vizuri. Kiti hiki cha pili kimepigwa misumari tu, na tayari kuna uwazi unaoingiza ukucha: mbao ilikuwa mbichi, imekauka ikasinyaa. Hicho tukiache.

Skrubu ziwe zisizoshika kutu. Kati ya mbao za kukalia pawe na nafasi kama ya sentimita moja ili maji yapite. Na chini ya kila mguu weka kisigino cha plastiki au mpira, kwa sababu mbao hunyonya maji zaidi pale ilipokatwa.

Viti vya kusuka kwa plastiki navyo vigeuze. Tafuta ncha ya uzi iliyokatwa: kama ndani rangi ni tofauti na nje, jua litaipausha mapema. Na fremu yake ipitishie sumaku ileile.

Tatu, kaa. Kaa dakika kadhaa, egemea, yumba kidogo. Kimo cha sentimita 45 kutoka sakafuni hadi pa kukalia kinawafaa wengi, na meza iwe kama 75. Ukiwa na wazee nyumbani, chagua chenye mikono, waweze kujiinua. Mito ya sponji iwe na zipu, utoe kitambaa ufue, na mvua ikianza iingizeni ndani.

Mwisho, malipo. Ukiagiza kazi mpya, toa malipo ya awali, usimalize yote. Andikeni kwenye risiti aina ya mbao, vipimo na tarehe ya kukabidhi. Kirikuu, yaani kigari cha mizigo, kikishafika nyumbani, teremsha kila kitu na ukiweke kwenye sakafu ya barazani kwako, maana ya karakana huenda haiko sawa. Bonyeza pembe za meza moja moja. Ikicheza, mpigie fundi simu wakati dereva bado yupo, irudi kurekebishwa, ndipo umalizie fedha iliyobaki.