Kamera ya askari inawashwa na nani?

NEEMA: Haya karibuni tena, tupo Moshi. Mangi, ngoja nianze na kitu cha juzi. Nimepanda Noah naenda Arusha, tumeshapita Boma Ng'ombe, tumepita KIA, tunakaribia Kikatiti trafiki huyo anapunga mkono. Dereva kashuka anabisha, afande mi nilikuwa hamsini. Yule afande hakupandisha sauti wala nini, katoa simu kamgeuzia. Picha ya gari letu, namba ya gari inasomeka vizuri, spidi 68, saa na dakika, kapigwa na mwenzake aliyekaa na tochi ya kupima spidi huko nyuma chini ya mti na hakuna hata mmoja wetu aliyemuona.

MANGI: Ubishi ukaishia hapo.

NEEMA: Ukaisha! Noah nzima kimya. Elfu 30, kapewa kontrol namba atalipa kwa simu, tukaondoka.

MANGI: Zamani ingekuwa neno la dereva na neno la afande, basi, mwenye sauti kubwa ndo anashinda. Hicho ndo napenda kwenye hivi vifaa vinavyoongea vyenyewe kwa vyenyewe, kwamba ushahidi unaondoka mkononi mwa mtu mmoja. Na deni lenyewe unaliangalia mtandaoni kwa namba ya gari tu, hata kabla hujanunua gari la mtu, aisee watu wangapi wamenunua gari na madeni yake.

NEEMA: Wengi mno. Sasa kamera za kifuani, zile askari wa wenzetu wanavaa?

MANGI: Hapo nina mengi dada. Kuna mji unaitwa Rialto, California, mwaka 2012 walianza kuwavalisha askari kamera, zamu hii wanavaa, zamu nyingine hawavai, wakafanya mwaka mzima. Malalamiko ya raia dhidi ya askari yakashuka kutoka 24 mpaka 3. Dunia nzima ikachangamka, kila mtu anataka kamera. Halafu 2017 yakatoka matokeo ya Washington, kule walijaribu kwa askari zaidi ya 2,000, na hawakuona tofauti ya maana.

NEEMA: Kamera ile ile?

MANGI: Ile ile, ila kinachonigusa mimi ni swichi, yaani nani anaamua iwashwe lini. Watafiti wakati wanalinganisha sehemu mbalimbali walikuta kwamba askari akifuata utaratibu, anawasha mwanzo mpaka mwisho na anamwambia raia unarekodiwa, askari kutumia nguvu kwa raia kunapungua. Akiachiwa aamue mwenyewe lini awashe, kutumia nguvu kunapanda kuliko hata ambapo hakuna kamera.

NEEMA: Duh. Yaani ile kuchagua ndo inaharibu kila kitu.

MANGI: Ee. Ndo maana wakaja na kifaa kinabandikwa kwenye ala ya bastola, akichomoa tu kinarusha ishara, kamera yake inawaka na za wenzake waliosimama karibu nazo zinawaka, hakuna wa kusema nilisahau. Tena kamera inakuwa inashika picha muda wote inazifuta inazifuta, kwa hiyo ikiwaka inabakiza na zile sekunde kama 30 za kabla, unaona alichomoa kwa sababu gani. Zamu ikiisha anaichomeka kituoni, video inapanda kwenye seva, ile kompyuta ya kuhifadhia, na yeye hawezi kuifuta.

NEEMA: Mi hapo kwenye seva ndo naanza kuogopa. Unamkumbuka yule baba wa Detroit, Robert Williams? Januari 2020 amefika kwake anakamatwa mbele ya mke na watoto wake, kisa kompyuta imelinganisha picha mbovu ya kamera ya dukani na picha ya leseni yake ya zamani. Kalala mahabusu, kama saa 30 hivi. Na zile saa za mkono alizodaiwa kuiba dukani zimeibiwa na mtu mwingine kabisa!

MANGI: Na alishtaki, 2024 wakakubaliana polisi wa pale wasimkamate tena mtu kwa sababu ya jibu la kompyuta peke yake, lazima kuwe na ushahidi mwingine.

NEEMA: Miaka minne Mangi. Wale watoto wameshaona baba yao anafungwa pingu mbele ya nyumba yao.

MANGI: Sikatai dada, hilo linauma. Kompyuta inabahatisha sura, ile tochi inapima spidi, na watu wanaziamini sawasawa.

NEEMA: Sisi tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, mwenye taarifa ana haki ya kuomba kujua wamehifadhi nini kumhusu. Nataka yule dereva akisema nileteeni picha yangu nami niione vizuri, aletewe, asiionyeshwe sekunde mbili dirishani. Maana ile picha imetoka simu ya huyu ikaenda simu ya yule. Sasa hivi iko wapi?

MANGI: Na inafutwa lini, na nani.

NEEMA: Hilo nataka tumuulize wakili, tutamleta hapa wiki ijayo, kwa hiyo kama umewahi kupigwa tochi ukataka picha yako tuandikie ilikuwaje.