Kabla ya Kupaka Rangi, Panda Juu ya Paa

HALIMA: Hamjambo wasikilizaji, karibuni. Leo tunazungumza na mwenye nyumba anayefikiria kuuza, iwe mwaka huu au baada ya miaka kadhaa. Kaka Kimani, wewe ni mtu wa ujenzi. Mtu akikupigia simu akuambie, "Nataka kuuza, njoo unipakie rangi," unamjibu vipi?

KIMANI: Namwambia pesa ya rangi ikae kwanza, tupande juu ya paa. Nyumba nyingi za hapa Nairobi zinaharibiwa na maji, na maji huanzia juu. Tuna mvua ya Machi hadi Mei, halafu ile ya Oktoba hadi Desemba. Katikati hapo jua linapiga mabati mchana yanatanuka, usiku yanajikunja kwa baridi, na msumari unalegea kidogo kidogo. Ile raba iliyo chini ya kichwa cha msumari inakauka, inapasuka. Ukiwa chini huoni kitu. Utaona tu alama ya kahawia kwenye dari, na wakati huo mbao za juu zimelowa siku nyingi.

HALIMA: Na gata?

KIMANI: Dada, gata zinapuuzwa kuliko kitu chochote kwenye nyumba! Angalia Oktoba, jakaranda zinapochanua na kumwaga maua mji mzima. Maua yale yanajaa kwenye gata, yanalowa, yanashikana. Mvua ikija, maji hayapiti. Yanarudi nyuma, yanaingia kwenye ubao wa pembeni mwa paa, ubao unaoza, gata inaning'inia, na maji sasa yanateremka ukutani. Kusafisha gata kabla ya kila msimu wa mvua ni kazi ya asubuhi moja na ngazi. Kubadilisha mbao zilizooza na kupiga plasta upya ni pesa nyingine kabisa.

HALIMA: Wengi wakiona ukuta una unyevu, wanapaka rangi juu yake.

KIMANI: Na haikai. Pitisha kiganja kwenye ukuta wa namna hiyo, karibu na sakafu. Unga mweupe unabaki mkononi. Hiyo ni chumvi. Maji yanaitoa ndani ya mawe na saruji, na yakikauka inabaki juu. Rangi mpya itafanya malengelenge halafu ibanduke. Tafuta kwanza maji yanatoka wapi: gata, bomba linalovuja ndani ya ukuta, au udongo wa bustani uliorundikwa hadi ukapita kimo cha sakafu ya ndani. Ziba chanzo, kwangua plasta mbovu, acha ukuta ukauke vizuri, ndipo upake rangi. Halafu kuna jambo la haki. Anayenunua ataingia na watoto wake humo. Kumfichia ukuta mbovu ni kumdhulumu.

HALIMA: Na mara nyingi haufichiki. Mnunuzi akikopa benki, benki itatuma mthamini. Siku hizi hata anayelipa taslimu anakuja na fundi wake.

KIMANI: Tena huyo fundi ataanza na nyufa. Hapo wenye nyumba wa South C na Embakasi wanisikilize vizuri. Mko kwenye udongo mweusi, ule unaovimba ukinywa maji na kupasuka wakati wa kiangazi. Nyumba inanyanyuliwa na kushushwa kila msimu. Walio kwenye udongo mwekundu, tuseme Lavington au Runda, hawasumbuki hivyo.

HALIMA: Mtu atajuaje ufa ni wa plasta tu au ni wa msingi?

KIMANI: Ufa mwembamba kama unywele, uliosambaa huku na huku, mara nyingi ni wa plasta. Ule unaoanzia pembe ya dirisha au mlango na kupanda kama ngazi ukifuata maungio ya mawe, huo nauogopa. Chukua penseli, weka alama mwanzo na mwisho wa ufa, andika tarehe pale pale ukutani. Msimu ukipita, rudi uangalie. Ukiwa umepita alama, au umepanuka, mwite mhandisi. Fundi wa plasta hatausaidia huo. Na maji ya paa yapelekwe mbali na msingi kwa mtaro. Miti mikubwa pia isikae karibu, hasa mikaratusi, inanyonya maji ya udongo na kuufanya usinyae.

HALIMA: Sasa nije kwenye karatasi, maana huko ndiko nimeona mauzo yakikwama. Kaka, risiti za kazi zote hizo unazitupa?

KIMANI: Mafundi wengi hata hatuziandiki.

HALIMA: Basi mwenye nyumba azidai. Ukiuza, kuna ushuru wa faida ya mtaji, unaolipwa na muuzaji. Ulirudishwa mwaka 2015 kwa asilimia 5, na tangu Januari 2023 ni asilimia 15. Unatozwa kwenye faida, si kwenye bei yote. Chukua mfano: ulinunua kwa milioni 6, unauza kwa milioni 12. Faida ni milioni 6, ushuru ni 900,000. Lakini kama ulitumia milioni 2 kuboresha na kuhifadhi nyumba ile, na una ushahidi, faida inashuka hadi milioni 4, na ushuru ni 600,000.

KIMANI: Shilingi 300,000 kwa sababu ya karatasi!

HALIMA: Za kweli, si za kutunga. Na kama umeishi mwenyewe ndani ya nyumba hiyo mfululizo miaka 3 kabla ya kuihamisha, sheria inakusamehe ushuru huo. Kwa hiyo anayetaka kuhama na kupangisha kabla ya kuuza azungumze na mhasibu kwanza. Ule ushuru wa stempu, unaolipwa umiliki unapohamishwa, asilimia 4 hapa mjini, ni wa mnunuzi.

KIMANI: Na hatimiliki?

HALIMA: Fungua Ardhisasa, ule mfumo wa serikali wa kumbukumbu za ardhi mtandaoni, mapema, kabla hata ya kuita broka. Mfumo ulizinduliwa Aprili 2021 ukianzia Nairobi, na ploti nyingi za zamani zimekuwa zikibadilishiwa nambari. Hakikisha jina lako liko sawa na kitambulisho. Lipa kodi ya ardhi ya kaunti, na kama umiliki wako ni wa muda, lipa pia ile ya serikali ya kitaifa, upate vyeti vya kuonyesha hudaiwi. Mkataba kwa kawaida hutoa siku 90 za kukamilisha. Ukianza kutafuta vyeti baada ya kutia sahihi, siku zinakwisha ukiwa kwenye foleni.

KIMANI: Je, kibanda cha wapangaji nilichoongeza nyuma?

HALIMA: Kama hakina kibali cha kaunti, wakili wa mnunuzi atauliza. Shughulikia kibali mapema, au sema wazi kabla ya bei kukubaliwa. Na jambo jingine lisilopita hivi hivi: nyumba ya ndoa haiuzwi bila idhini ya mwenzi. Hata kama hatimiliki ina jina lako peke yako. Mauzo yanaweza kufutwa mahakamani, na kabla ya hapo nyumba inaweza kuvunjika kwa namna nyingine. Mkae chini, mkubaliane, ndipo broka aje. Na huyo broka awe amesajiliwa na bodi ya maajenti wa nyumba.

KIMANI: Mimi naongeza moja la siku ya funguo. Andikeni kwenye mkataba kinachobaki: tangi la maji, pampu, sola ya juu ya paa, hata vyuma vya pazia. Nimeona watu wakigombana langoni kwa sababu ya pampu.

HALIMA: Na msome mita ya maji pamoja, mpige picha, deni la zamani limalizwe na mwenye deni. Wasikilizaji wenye maswali kuhusu nyumba za ghorofa, tuleteeni. Hizo tutazichambua kipindi kijacho.