Daftari la Mama Mdogo

MWENDE: Karibuni tena, wapenzi wasikilizaji. Mimi ni Mwende, na huyu ni Juma, ambaye tangu asubuhi ananilalamikia habari za wageni.

JUMA: Silalamiki, dada. Mama mdogo alikuja Nairobi kutoka Mombasa na daftari, amelipiga mistari kwa rula. Jumamosi: saa tatu mtaa wa Karen, saa tano ndovu, saa saba twiga, saa tisa makumbusho ya taifa, saa kumi msitu wa Karura, saa kumi na mbili juu ya jengo la mikutano la KICC.

MWENDE: Karen mpaka Karura siku moja! Wewe mwenyeji ulinyamaza?

JUMA: Utamwambia nini mama yako? Saa nne u nusu tumekwama Barabara ya Lang'ata, Karen hatujafika. Kalamu mkononi, kila tukisimama anafuta saa moja, anaandika nyingine. Mwisho ukurasa ukatoboka.

MWENDE: Maskini. Na ndovu je?

JUMA: Tukaruka Karen, tukawawahi kwa dakika kumi na tano tu. Unajua kile kituo cha ndovu yatima cha Sheldrick, pale ndani ya mbuga ya Nairobi, wageni huingia saa tano na saa sita kumekwisha, tena uwe umeshaweka nafasi. Kuna kitoto kimoja cha ndovu kilikuwa kinagaragara kwenye tope jekundu, chupa ya maziwa kimeshamaliza. Mama akasahau kuandika.

MWENDE: Ndiyo maana mimi ratiba siziwezi. Nikienda mji wa watu nakunywa chai, namuuliza mwenye kibanda watu wa hapa huenda wapi. Kisumu nilifanya hivyo, nikaishia ufuoni Dunga mchana kutwa, mimi na samaki wangu.

JUMA: Na chumba ukakosa. Au hiyo hatuisemi hewani?

MWENDE: Haya, nililala sebuleni kwa rafiki. Wikendi ile mji ulikuwa umejaa harusi.

JUMA: Sasa ona. Chumba, tiketi ya treni, ndovu, hivyo vina saa na vina mlango. Hivyo panga. Mahindi ya kuchoma unayapangia saa ya nini?

MWENDE: Hapo nakubali. Lakini kosa la mama si saa, ni ramani. Nairobi ukivuka mji mara mbili kwa siku, umetalii magari. Chagua upande mmoja. Siku ya Lang'ata na Karen iwe ya huko tu. Karura, siku nyingine.

JUMA: Na aliyeshuka treni ya Mombasa?

MWENDE: Ashuke Syokimau, achukue treni ndogo mpaka stesheni ya zamani mjini. Hapo hapo kuna makumbusho ya reli, yako tangu 1971. Atoke kwa miguu, ashike Moi Avenue. Kwenye kona ya Haile Selassie kuna bustani ya kumbukumbu ya shambulio la bomu la 1998 kwenye ubalozi wa Marekani. Asipite haraka pale, majina ya waliokufa yameandikwa ukutani. Mbele ni jumba la Nyaraka za Taifa, chini kuna vinyago na vitu alivyokusanya Joseph Murumbi, aliyewahi kuwa makamu wa rais. Amalizie bustani ya Jeevanjee, akae kwenye benchi asikilize wahubiri na wabishi wa siasa. Hakuna matatu hata moja.

JUMA: Jumapili ndivyo tulivyofanya, kasoro Nyaraka, zilikuwa zimefungwa. Jeevanjee mama aliingia kwenye ubishi wa bei ya unga, sikumtoa mpaka saa kumi. Mahindi yenye ndimu na pilipili mkononi, anawasuta watu kwa Kimvita.

MWENDE: Na daftari?

JUMA: Alilisahau kwangu. Jana kapiga simu, anataka nimsomee ukurasa wa Kisumu.

MWENDE: Mwambie achukue chumba kwanza!